Uzi: Injinia wa kiwandani ukasome masta gani? Prosesi tupu, MBA, au ile inayochanganya vyote?

#1 Shira_Nzito

Wakuu, salaam.

Kila msimu wa maombi ya ufadhili ukikaribia, PM yangu inajaa swali lile lile: "Kaka, nina digrii ya uhandisi kemikali na uchakataji, niko kiwandani mwaka wa pili. Nikasome MSc ya fani yangu au nichukue MBA nitoke kwenye joto?" Kujibu mmoja mmoja siwezi tena. Naweka hapa, anayepinga apinge hapa hapa.

Msimamo wangu: kama unataka kuhama kiwanda uende benki, chukua MBA na Mungu akubariki. Kama unataka maabara na utafiti, soma MSc ya prosesi (yaani uchakataji) kisha unganisha na PhD. Ila kama unataka kubaki kiwandani na siku moja ukabidhiwe kiwanda chenyewe, tafuta masta inayochanganya uhandisi wa uchakataji na menejimenti. Na usiende kuisoma ukiwa umetoka chuo jana.

Nieleze kwa ninachokifahamu, sukari.

Kwenye sukari adui ni saa. Muwa ukishachomwa na kukatwa unaanza kuharibika. Ukikaa siku mbili uwanjani, bakteria wanaoitwa Leuconostoc wanaifanyia karamu sukari yako na kuacha ute, jina lake dekstrani. Ute huo ukiingia kiwandani, shira inakuwa nzito, pani (vyombo vya kuchemshia shira hadi iwe fuwele) zinachelewa kuchemsha, fuwele zinatoka ndefu na nyembamba, sentrifyuji zinahangaika kuzichuja. Sukari iliyotakiwa iingie kwenye gunia inaondoka na molasi.

Injinia wa prosesi akiwa chumba cha udhibiti anaona nini? Pani hazitoshi. Anaandika ombi la pani mpya, mabilioni. Ombi linapanda juu, linarudi: fedha hakuna. Msimu unaofuata analiandika tena. Kuna kiwanda (jina tuliache) nimekiona kikicheza mchezo huu misimu na misimu, huku injinia akiamini uongozi haujali, na uongozi ukiamini injinia anapenda vitu vipya.

Sasa toka nje ukasimame kwenye mizani ya malori saa nane usiku. Hakuna lori hata moja. Rudi saa kumi jioni, foleni imefika barabarani. Wakataji wanalipwa kwa tani, kwa hiyo wanataka shamba kubwa lichomwe kwa mkupuo mmoja. Wenye malori nao wanalipwa kwa tani, safari ya usiku haiwaongezei hata mia, kwa nini wahangaike? Muwa unalala uwanjani. Kwa hiyo kinachofanya pani zionekane ndogo ni mkataba wa malori.

Nani wa kulitatua hilo? Mkemia wa maabara anapima dekstrani lakini hana neno na malori. Meneja wa mashamba ana malori ila dekstrani hajui ni mdudu gani. Mhasibu anaona tani za muwa zilizolipiwa na magunia yaliyotoka, pengo la katikati anaambiwa ni "hasara za kiwandani". Anatakiwa mtu anayeweza kuchukua namba ya maabara, akaigeuza shilingi, akaenda nayo kwenye meza ya mikataba na kusema: tukilipa nyongeza kwa lori la usiku, tunaokoa kiasi hiki. Masta ninayoizungumzia inajaribu kumtengeneza mtu huyo.

Karibuni.

#2 Kiti_cha_Mbele

Nimewahi siti. Kahawa na kashata viko njiani.

#3 Mzee_wa_Boila

Mkuu Shira, uzi mzuri, lakini mimi napinga. Nimekaa viwandani tangu enzi za mashirika ya umma. Hizi kozi za mchanganyiko ni nusu shingo. Huku hujawa bingwa wa prosesi, huku hujawa meneja. Vyuo vya nje vimeona mainjinia wana njaa ya vyeo, vikabuni kozi za kukusanya ada. Uongozi kiwandani unafundishwa na mafundi wako, hasa siku ya kwanza wanapokugomea.

#4 Shira_Nzito

Shikamoo mzee wangu. Hilo la mafundi nakubali kwa mikono miwili, hakuna darasa linalolifundisha.

Ila kusema zimebuniwa juzi, hapana. Wajerumani walianza mapema: chuo cha ufundi (TH) cha Berlin-Charlottenburg kiliweka masomo ya kuunganisha uhandisi na uchumi wa biashara miaka ya 1920, kazi ya Willi Prion, na hadi leo kwao "injinia wa uchumi" ni fani kamili yenye heshima yake. Kule Marekani, MIT walianza mwaka 1916 kuwapeleka wanafunzi wa uhandisi kemikali viwandani kama sehemu ya masta, wanakabidhiwa matatizo ya kweli ya kiwanda na wanatetea majibu yao mbele ya wenye kiwanda. Mwaka 1988 wakaanzisha na programu nyingine ambapo mtu anatoka na MBA na MSc ya uhandisi kwa pamoja.

Hiyo nusu shingo niijibu kwa hesabu. Namba za kubuni, lakini hali yenyewe kila aliyepita kiwandani anaijua.

Umebuni mfumo wa kuyarudisha boila maji ya mvuke uliokwisha fanya kazi, maana yanamwagwa mtaroni yakiwa bado ya moto. Gharama ni shilingi milioni 400. Unaokoa mafuta ya milioni 120 kwa mwaka, mitambo itadumu miaka mitano. Injinia wa kawaida anagawanya: miaka mitatu na miezi minne fedha imerudi. Mradi safi. Anapeleka.

Mkuu wa fedha anaukataa kwa dakika mbili. Kwa nini? Kampuni inakopa shilingi kwa asilimia 18. Milioni 120 kila mwaka kwa miaka mitano, ukizirudisha kwenye thamani ya leo kwa riba hiyo, ni kama milioni 375 tu. Umetumia 400 kupata 375. Kampuni ingekuwa inapata fedha kwa asilimia 10, hesabu ingetoka karibu 455 na mradi ungepita. Bomba lile lile, valvu zile zile.

Kufikia hapo mwenye MBA pekee anafunga faili. Mwenye prosesi pekee anakwenda kantini kulalamika. Aliyesoma vyote anarudi kwenye mchoro. Anakuta tawi moja la bomba linakwenda mbali, upande wa pili wa kiwanda, linakula milioni 100 za gharama na kuleta milioni 15 tu za akiba. Analikata. Sasa mradi ni milioni 300, akiba 105 kwa mwaka, thamani ya leo kama milioni 328. Umepita kwa riba ile ile ya 18. Kulijua tawi la kukata ni uhandisi. Kujua kwamba kuna haja ya kukata ni fedha. Vikikaa kwenye vichwa viwili visivyosalimiana, maji yataendelea kumwagwa mtaroni.

#5 Mzee_wa_Boila

Marahaba. Hesabu nzuri, lakini hiyo mhasibu angekufundisha kwa soda moja. Huhitaji kwenda Ulaya.

#6 Mkaa_Baridi

Mzee wa Boila, mwaka gani mhasibu wa kiwanda alimfundisha injinia kitu? Wanagombana hata kwa fomu ya gesti ya safari 😂

Salaam kutoka Aberdeen. Niko kwenye usalama wa mitambo ya mafuta na gesi. Nataka kuongeza kitu ambacho mwenye uzi hajakigusa: menejimenti kwenye mitambo ya prosesi si faida tu, ni roho za watu.

Huku kila anayesoma mambo haya anakutana na Piper Alpha, jukwaa la mafuta kwenye Bahari ya Kaskazini. Tarehe 6 Julai 1988 kulikuwa na pampu mbili za kondenseti (kimiminika kinachotokana na gesi), A na B. Mchana ule pampu A ilikuwa imetolewa kazini. Kulikuwa na vibali viwili: kimoja cha matengenezo makubwa ya pampu, ambayo hayakuwa yameanza, na kingine cha valvu yake ya usalama, iliyong'olewa kwenda kupimwa. Pale ilipotoka valvu wakafunika kwa kifuniko cha chuma, hakikukazwa sawasawa. Shifti ikabadilishwa. Taarifa ya valvu haikufika kwa walioingia usiku.

Karibu saa nne kasoro usiku pampu B ikazima, ikagoma kuwaka. Bila pampu, umeme wa jukwaa zima ulikuwa hatarini. Wakatafuta karatasi, wakakiona kibali cha matengenezo ambayo hayajaanza, wakasema basi A iko salama. Cha valvu hawakukiona. Wakaiwasha. Gesi ikatoka pale kwenye kifuniko, mlipuko wa kwanza ukafuata. Walikufa watu 167.

Na kibaya zaidi: majukwaa jirani, Tartan na Claymore, yaliendelea kusukuma mafuta na gesi kuelekea kwenye mtandao ule ule wa mabomba huku moto unaonekana. Wasimamizi wake walisita kuzima uzalishaji bila ruhusa ya juu. Tume ya uchunguzi ya Lord Cullen ilitoa mapendekezo 106 mwaka 1990, na mengi yanahusu namna ya kuendesha kazi: vibali, makabidhiano ya shifti, nani ana mamlaka ya kusimamisha.

Tatizo halikuwa ubunifu wa pampu A. Kilichovunjika ni mfumo wa watu na karatasi. Kwa hiyo mtu akiniambia somo la menejimenti ni la kuvaa tai, namwomba asome ripoti ile kwanza.

#7 Binti_Maabara

Uzi umenigusa. Mimi nina GPA ya 3.2 ya uhandisi kemikali na uchakataji, mlimani. Niko maabara ya kiwanda cha bia, udhibiti wa ubora, mwaka wa tatu sasa. Je, kwa GPA hiyo naweza kupata hizi za nje au nijipange tu na za hapa? Na je, ERB (Bodi ya Usajili wa Wahandisi) wanaitambua masta ya namna hii?

#8 Shira_Nzito

Dada, 3.2 kwa mfumo wetu ni daraja la pili la chini, na vyuo vingi vya Uingereza vinapenda kuanzia 3.5. Lakini kozi hizi zinatazama uzoefu kuliko MSc za utafiti. Uzoefu wenyewe uueleze vizuri. "Nilipima sampuli kila siku" haimwambii mtu kitu. "Niligundua bia inapotea wakati wa kubadilisha tangi, nikapendekeza hivi, upotevu ukashuka kutoka hapa hadi hapa" ndiyo inasomwa.

ERB: usajili unaanzia kwenye digrii ya kwanza. Unaandikishwa mhandisi mhitimu, unafanya kazi chini ya usimamizi, ule mpango wa SEAP wa miaka mitatu, ndipo unaomba kuwa mhandisi mtaalamu. Masta haikuvushi hapo. Kwa hiyo kama hujaandikishwa, andikishwa wiki hii, masta baadaye. Na shahada ya nje ukirudi nayo utaipeleka TCU (Tume ya Vyuo Vikuu) itambuliwe, hivyo tunza transkripti na barua zote.

Za hapa nyumbani: Chuo Kikuu cha Dar es Salaam (UDSM), kwenye chuo chake cha uhandisi, CoET, wana masta ya menejimenti ya uhandisi. Ni nzuri, ila ni ya mainjinia wa fani zote, mtu wa barabara na mtu wa umeme mko pamoja. Upande wa prosesi utajijazia mwenyewe. Kwa mtu mwenye familia na kazi asiyotaka kuiacha, mimi ningeichukua bila kujiuliza mara mbili.

Uingereza ukitaka mfano wa inayochanganya hasa, waangalie Strathclyde pale Glasgow, idara yao ya uhandisi kemikali na uchakataji ina masta ya teknolojia ya kemikali na menejimenti.

#9 Chuma_na_Susi

Strathclyde hiyo! Wakuu, nichomekee historia kidogo, mods msinifute.

Chuo hicho chimbuko lake ni taasisi ya Anderson ya mwaka 1796. Livingstone, huyu huyu wa Ujiji, alisoma hapo. Na hapo ndipo alipojuana na James Young, mkemia aliyepata hataza ya kutengeneza mafuta ya parafini kutoka makaa ya mawe mwaka 1850, akatajirika hadi Livingstone akawa anamtania kwa jina la Sir Paraffin. Mtu wa maabara aliyejua pia kufungua kiwanda na kuuza leseni. Yaani huyo ndiye masta yenu inayochanganya, kabla masta haijabuniwa. Akaja kukipa chuo fedha za kuanzisha uprofesa wa kemia ya viwandani.

Na Susi na Chuma, waliobeba mwili wa Livingstone hadi pwani Bagamoyo, walipokwenda Uingereza mwaka 1874 aliyelipia safari yao ni huyo huyo Young. Haya, endeleeni na pani zenu.

#10 Kiti_cha_Mbele

😂😂 Jamvi hili halinaga hasara.

#11 Eldoret_Stima

Wakuu, nawasalimu kutoka Kenya. Mimi nilimaliza Moi, Chemical and Process, nikaenda Ujerumani. Wacha niwaambie mambo mawili ambayo watu hawaambiwi.

Kwanza, pesa. Watu husema Ujerumani ni bure. Vyuo vingi vya serikali havitozi karo, kweli, lakini jimbo la Baden-Württemberg hutoza wanaotoka nje ya Ulaya euro 1,500 kwa semesta, na TUM, chuo kikuu cha ufundi cha Munich, nacho kimeanza kutoza. Tena kabla ya viza lazima uonyeshe pesa za kujikimu kwenye akaunti iliyofungwa: tangu Septemba 2024 ni euro 11,904 za mwaka mzima. Wengi hukwama hapo, barua ya chuo wanayo mkononi.

Kama una miaka miwili ya kazi, angalia ufadhili wa DAAD (shirika la Ujerumani la ufadhili wa masomo) unaoitwa EPOS, ni wa watu wa nchi zinazoendelea walio kazini. Wanataka angalau miaka miwili ya kazi, na digrii yako ya mwisho isiwe imezidi miaka sita. Hiyo miaka sita imewaponza marafiki zangu. Ukisubiri "niwe senior kwanza", mlango unafungwa.

Pili, msisome jina la kozi. Fungueni orodha ya masomo. Nimeona kozi ina neno menejimenti kwenye jina, ndani kuna somo moja la utangulizi na insha. Nyingine inajiita ya prosesi na hakuna usalama wa prosesi hata kidogo, ni programu za kompyuta tupu.

#12 Shira_Nzito

Umesema kweli mkuu. Niongeze hapo: masta ya Uingereza huwa krediti 180, na 60 kati ya hizo ni tasnifu. Kwa hiyo theluthi ya shahada yako ni kazi moja. Uliza kabla ya kulipa: tasnifu inafanyika kiwandani au maktaba? Naweza kuleta tatizo la kiwanda changu? Chuo kikijibu ndiyo kwa swali la pili, hicho ni chako.

Kwenye zile 120 zilizobaki mimi hutafuta usanifu wa mitambo, usalama, na matumizi ya nishati. Hii ya nishati msiidharau. Njia ya kupanga nani ampe nani joto ndani ya kiwanda ilikuzwa na Bodo Linnhoff na wenzake kuanzia miaka ya 1970 kule Uingereza, na kwa viwanda vyetu vinavyochoma kuni na mafuta mazito ni fedha iliyolala. Upande wa pili fedha za miradi, usimamizi wa miradi, na uendeshaji wa uzalishaji. Somo la masoko likikosekana sitalia.

#13 Mzee_wa_Boila

Basi nami niseme. Hiyo ya kuleta tatizo la kiwanda chako imenilainisha kidogo. Lakini sharti mwajiri akubali kukupa data. Waajiri wangapi hapa watakubali namba zao za hasara zikasomwe na profesa wa kizungu?

#14 Mkaa_Baridi

Mzee, mkataba wa usiri upo, vyuo vimezoea. Tasnifu inafungwa, haiwekwi maktaba. Ila barua iandikwe kabla hujaondoka, bosi akiwa bado anakupenda 😂 Ukishafika huku ukaanza kuomba data kwa WhatsApp, sahau.

#15 Bomba_Chongoleani

Natokea Tanga. Mnaongelea sukari na bia, na sisi wa bomba? Hili la Hoima hadi Chongoleani ni kilomita 1,443 na linapashwa joto njia nzima maana mafuta ya Uganda yana nta, yakipoa yanaganda. Kwa kazi kama hizo masta hii inafaa, au niende petroli moja kwa moja?

#16 Shira_Nzito

Petroli ya kuchimba haitakusaidia kwenye bomba. Bomba la kupashwa joto ni prosesi: joto, mnato, pampu, umeme. Halafu ongeza mikataba, nchi mbili, na ardhi ya wananchi njia nzima. Sijui kozi gani nyingine inayogusa vyote hivyo. Kama lengo lako ni kitengo cha usalama, basi msikilize Mkaa_Baridi kuliko mimi.

#17 Binti_Maabara

Kaka swali la mwisho, Chevening, ule ufadhili wa serikali ya Uingereza. Na nina mtoto wa miaka minne, naweza kwenda naye?

#18 Mkaa_Baridi

Dada, Chevening wanataka saa 2,800 za kazi, ambayo ni kama miaka miwili, wewe umeshapita hapo. Kwa kawaida dirisha linafunguka Agosti na kufungwa mwanzoni mwa Oktoba. Unachagua kozi tatu, na lazima uwe na barua ya chuo isiyo na masharti kufikia Julai ya mwaka unaoondoka. Maombi ya chuo unayafanya wewe mwenyewe, pembeni, Chevening hawakufanyii. Na ukimaliza unarudi nyumbani angalau miaka miwili.

Mtoto: tangu Januari 2024, mwanafunzi wa kawaida wa masta ya kufundishwa Uingereza hawezi kuleta mwenza wala watoto kwa viza yake, ila anayefadhiliwa na serikali, kama wa Chevening, anaweza, kwa gharama zake mwenyewe. Ukimwacha, ni mwaka mmoja, lakini kwa mtoto wa miaka minne ni mrefu. Ongea na mama yako kwanza, ndipo ufungue fomu.

#19 Binti_Maabara

Asante. Mama ameshasema ndiyo tangu jana, anasubiri mimi tu. Shira, naomba nikutumie barua yangu ya maombi uipitie?

#20 Shira_Nzito

Tuma. Ila ukianza na "tangu utotoni nilipenda sayansi" naifuta bila kusoma. Anza na lile tangi la bia.